Kidonge cha goti kimeijuaje figo?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia nikiwa na mzigo moyoni. Mama yangu ana miaka 63, anaishi Korogwe, mimi nipo Dar es Salaam kikazi. Presha ya kupanda anayo mwaka wa tisa huu, na alikuwa ameshaizoea: losatani kidonge kimoja asubuhi pamoja na kile cha kukojoza, kliniki kila mwezi, vipimo vinacheza kwenye 130 kwa 80.

Kinachomtesa ni magoti. Anasema yanawaka kila akiinuka kutoka kwenye sijda. Msimu wa palizi ulipoanza akaenda duka la dawa la jirani, akapewa vidonge kwenye kibahasha cha karatasi kilichoandikwa 1×2, basi. Vikamfaa kweli. Alinipigia simu anacheka: "Leo nimepalilia mistari minne." Hela ya kuvinunua nilikuwa namtumia mimi, kila wiki.

Wiki ya tatu miguu ikavimba, kope zikawa nzito asubuhi, mkojo ukapungua. Presha ikapanda hadi 178 kwa 102 na dawa zake hajaruka hata siku moja. Hospitali wakampima: kreatinini, ule uchafu wa damu ambao figo hutakiwa kuutoa, ilikuwa 212, wakati mwaka jana ilikuwa 84. Potasiamu 5.8. Daktari alipokiona kile kibahasha akauliza jina la dawa, ikabidi tupige simu dukani. Diklofenaki. Akaisimamisha hapo hapo, akasimamisha kwa muda losatani na kile cha kukojoza, akamwanzishia amlodipini. Baada ya siku kumi kreatinini imeshuka hadi 128 na potasiamu 4.9. Anarudi kliniki Jumatatu ijayo.

Sasa nyumbani hakukaliki. Kaka yangu mkubwa anasema losatani ndiyo iliyoua figo, mbona hata daktari kaisimamisha. Anataka mama asiirudie tena, atumie dawa ya mizizi aliyoletewa na rafiki yake, na anamnywesha madafu matatu kwa siku ya kusafisha figo. Mama naye hakubali kwamba kidonge cha goti kina kosa. Ananiuliza: "Mwanangu, goti liko hapa, figo iko huku mgongoni. Kidonge cha goti kimeijuaje figo?" Sikuwa na jibu. Amebakiza vidonge sita, kavifunga kwenye pindo la khanga, na najua siku magoti yakiwaka atavifungua.

Naomba unieleze nipate la kumwambia mama na la kumwambia kaka. Na uniambie ukweli: mimi ndiye niliyemharibia mama figo?

Binti wa Korogwe

*

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole yangu.

Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi. Hujamharibia mama. Kreatinini iliyotoka 212 ikaja 128 ndani ya siku kumi ni dalili ya figo inayorudi kazini. Bado haijafika kwenye 84 yake, huenda ikachukua wiki kadhaa, na pengine isifike kabisa. Ndiyo maana lazima aendelee kupimwa. Ila inarudi kwa sababu kilichoibana kiliondolewa mapema. Wewe ulituma hela ili mama atembee. Mwenye wajibu wa kuuliza alikuwa yule aliyejaza kibahasha. Nimesimama nyuma ya kaunta ya famasi miaka mingi, najua foleni inavyosukuma, na nalijua swali linalorukwa: "Mama, unameza dawa gani nyingine?" Hata jina la dawa hakuandika. Hilo linaniuma mpaka leo kila nikiliona, maana kumpa mtu 1×2 bila jina ni kumpandisha basi bila kumwambia linakwenda wapi.

Sasa swali la mama. Ameuliza vizuri kuliko wote, na nitalijibu kwa urefu, kwa sababu jibu la kaka limo humo humo.

Mwambie mama hivi: kidonge hakilijui goti wala figo. Kikishamezwa kinaingia kwenye damu, na damu inakwenda kila mahali. Kitu pekee ambacho diklofenaki inakijua ni kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, kinachoitwa sikloksijenezi. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kutengeneza kemikali ndogo ndogo ziitwazo prostaglandini. Kwenye goti la mama prostaglandini ndizo zinazoleta joto, uvimbe na ule moto anaousikia akiinuka. Kidonge kinakizuia kimeng'enya, prostaglandini zinapungua, moto unatulia. Aliyeonyesha jambo hili ni Mwingereza John Vane, mwaka 1971, alipokuwa anachunguza aspirini. Mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

Tatizo ni kwamba prostaglandini hazikuumbwa kwa ajili ya goti tu. Figo inazitumia kusemezana yenyewe kwa yenyewe. Kidonge kilipozima maumivu huku, kule kilikata mawasiliano.

Ngoja nikupeleke ndani ya figo uone, maana ukishaona hutasahau.

Kila figo ina vichujio kama milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa midogo ya damu. Mshipa mmoja unaingiza damu, mwingine unaitoa, na presha iliyo katikati ndiyo inayosukuma maji na chumvi vipite kwenye chujio. Figo mbili kwa pamoja huchuja lita 180 hivi kwa siku, na karibu zote hunyonywa zirudi kwenye damu. Tunachokojoa ni lita moja au mbili tu. Kazi yote hiyo inategemea presha iliyo pale kwenye chujio. Ikishuka mno, uchujaji unasimama, uchafu unabaki kwenye damu, na kreatinini inapanda kama ulivyoona kwenye karatasi ya mama.

Kwa hiyo figo haiwezi kukaa inasubiri kuambiwa presha ikoje. Inajipimia yenyewe. Na namna inavyojipimia ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika mwili wa binadamu.

Maji yakishachujwa huingia kwenye mrija mwembamba. Mrija unateremka chini, unajikunja, unapanda tena, halafu unarudi kupita mlangoni pa kichujio kile kile ulikotokea, kama mtu aliyezunguka mtaa mzima kisha akapita tena mbele ya kibaraza cha kwao. Hapo panapogusana mrija na mshipa unaoingiza damu, kuna kundi dogo la seli zilizobanana, ishirini hivi kwa kila kichujio. Wataalamu huziita makula densa. Kazi yake ni kuonja. Kila wakati zinaonja chumvi ya maji yanayopita, hasa kloridi iliyomo, kama mpishi anavyochota mchuzi kwa kijiko.

Zikionja na kukuta chumvi ni kidogo, zinaelewa kwamba maji yamepita taratibu mno, kichujio hakipati presha ya kutosha, au mwili umepungukiwa na maji na chumvi. Hapo zinatoa prostaglandini. Prostaglandini inavuka kwenda kwa majirani, seli zilizojipanga kwenye ukuta wa ule mshipa unaoingia, ambazo zimebeba vifuko vilivyojaa renini, kemikali ya figo ya kupandisha presha. Ujumbe ukifika, vifuko vinafunguka na renini inamwagika kwenye damu. Papo hapo prostaglandini inaulegeza mshipa wenyewe ili damu iingie kwa wingi zaidi. Ujumbe mmoja, kazi mbili.

Zikionja na kukuta chumvi imezidi, zinatuma kemikali nyingine, adenosini. Hiyo inasema kinyume chake: bana mshipa, funga renini. Na hapa pana ajabu ambayo huwa siachi kumweleza mtu. Karibu kila seli mwilini inayotoa homoni huitoa pale madini ya kalisi (kalsiamu) yanapopanda ndani yake. Seli za renini ni kinyume: kalisi ikipanda, zinafunga mlango. 

Chumvi si mjumbe pekee. Mishipa ya fahamu inafika mpaka pale, na mtu akisimama ghafla, akitokwa na damu au akipata hofu kubwa, hutoa noradrenalini inayoamsha renini. Baadhi ya dawa za presha, kama atenololi, hushusha presha kwa kuziba njia hiyo pia. Ukuta wa mshipa nao unahisi ukivutwa au ukilegea.

Renini yenyewe wengi huiita homoni ya figo, ingawa kwa usahihi ni kimeng'enya: inakata. Protini inayotengenezwa na ini inakatwa na renini, kinapatikana kipande kiitwacho anjiotensini ya kwanza. Kipande hicho kikipita kwenye mapafu kinapunguzwa tena, kinakuwa anjiotensini ya pili, na hiyo ndiyo yenye nguvu. Inabana mishipa ya mwili mzima, inaleta kiu, na inaziamuru tezi zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni inayozuia chumvi isipotee na kusukuma potasiamu itoke kwenye mkojo. Ikishafika kiasi, anjiotensini hiyo hiyo inazirudia seli za renini na kuziambia: inatosha. Zinapunguza.

Habari hizi zina umri mkubwa. Mwaka 1898, Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walichukua figo za sungura, wakakamua maji yake, wakamdunga sungura mwingine, presha yake ikapanda. Kitu hicho wakakiita renini. Kwa hiyo kaka akisema presha na figo ni mambo mawili tofauti, mjulishe kwamba tangu zama za babu wa babu zetu imeshajulikana kwamba figo ina mkono wake kwenye presha.

Turudi Korogwe.

Mama alikuwa anameza kidonge cha kukojoza. Kile kinapunguza maji na chumvi mwilini, ndivyo kinavyoshusha presha. Alikuwa anameza losatani. Losatani inakaa kwenye kiti cha anjiotensini ya pili, hivyo mishipa inalegea, ukiwemo ule unaotoa damu kwenye kichujio. Halafu akaingia shamba kupalilia juani, jasho linamtoka, na kwa wanawake wengi wa rika lake maji ya kunywa huja baadaye, kazi ikiisha. Figo zake zikaonja: chumvi ni kidogo. Zikaanza kutuma prostaglandini kwa wingi, kulegeza mlango wa kuingilia, ili damu iendelee kufika kwenye chujio. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda. Figo ilikuwa inajisaidia, kimya kimya, na mama hakuwa na habari.

Ndipo zikaja zile diklofenaki mbili kwa siku. Prostaglandini zikakatika. Mshipa wa kuingiza ukabana. Wa kutoa ulikuwa umelegezwa na losatani. Huku damu inaingia kwa shida, kule inatoka kwa urahisi, katikati presha ya kuchuja imekwisha. Kreatinini ikapanda.

Na renini nayo ikakosa ujumbe wake mmoja mkubwa, aldosteroni ikapungua, potasiamu ikakosa wa kuitoa. Hiyo ndiyo 5.8 uliyoiona, na ndiyo iliyomtia daktari haraka kuliko hata kreatinini, maana potasiamu ikizidi huuvuruga moyo. Tena prostaglandini ndizo zinazosaidia figo kutoa chumvi; zilipokosekana, chumvi na maji vikabaki mwilini, miguu ikavimba, na presha ikapanda juu ya dawa. Mama hakukosea kumeza dawa zake za presha. Kidonge cha goti kilikuwa kinazifuta.

Mchanganyiko huu wa dawa tatu unafahamika vizuri. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za watu zaidi ya 487,000 wa Uingereza wanaotumia dawa za presha. Waliomeza pamoja dawa ya kundi la losatani au enalaprili, dawa ya kukojoza, na dawa ya maumivu ya kundi la diklofenaki, hatari yao ya figo kuumia ghafla iliongezeka kwa asilimia 31. Katika siku 30 za mwanzo iliongezeka kwa asilimia 82. Mama yako alikamatika wiki ya tatu. Ndio wakati wenyewe.

Kwa kaka nenda na heshima yake, yeye ni mkubwa na anampenda mama. Asingehangaika na madafu kama hampendi. Usimwendee na karatasi ya vipimo mbele ya watu. Mkae, umsimulie habari ya ile milango miwili ya kichujio, mshipa wa kuingiza damu na wa kuitoa, kama nilivyokusimulia. Kisha mwambie kwamba mama amemeza losatani miaka mingi na kreatinini ilikuwa 84. Kilichobadilika ni wiki tatu za diklofenaki. Daktari ameisimamisha losatani kwa sababu figo iliyochoka na potasiamu iliyopanda haviivumilii kwa sasa. Ni sawa na kumvua viatu mtu aliyevunjika mguu, haina maana viatu ndivyo vilivyomvunja. Figo zikitulia, daktari anaweza kuirudisha losatani kwa dozi ndogo na kupima tena baada ya wiki moja au mbili. Ikirudishwa kreatinini inaweza kupanda kidogo, na madaktari huvumilia ongezeko la hadi asilimia 30, kwa sababu kwa watu wengi, hasa wenye kisukari na wenye protini kwenye mkojo, dawa za kundi hilo huilinda figo miaka na miaka. Uamuzi wa kuirudisha au kuibadilisha ni wa daktari mwenye vipimo mkononi. Usiwe wa kaka, usiwe wako, wala wangu.

Kama anaipenda dawa ya asili kwa kuwa ni ya asili, kuna habari ambayo huenda ikamlainisha. Kaptoprili, dawa mtangulizi wa losatani, ilizaliwa kutokana na sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaca, na ilianza kutumika Marekani mwaka 1981. Tofauti ni kwamba ilipimwa, ikajulikana kiasi gani kinasaidia na kiasi gani kinadhuru. Mizizi aliyoletewa na rafiki haina kipimo hicho, na hakuna anayejua inafanya nini kwenye ile milango miwili. Figo inayopona isifanyiwe majaribio. Aiweke kando.

Madafu, leo hii yasimame. Najua kwenu dafu ni tiba ya kila kitu, na kwa mtu mzima wa afya ni kinywaji kizuri sana. Lakini maji ya dafu yamejaa potasiamu, na mama ametoka kwenye 5.8. Madafu matatu kwa siku ni kumrudisha kule tulikomtoa. Mwambie kaka kwa upole kwamba wazo lake lilikuwa jema, ila dafu lisubiri mpaka daktari aseme. Maji ya kawaida anywe kwa kiasi atakachopangiwa, kwa kuwa miguu bado ilikuwa imevimba. Ndizi mbivu nyingi na juisi za matunda nazo aulizie.

Miguu ikivimba tena katika wiki hizi, msikimbilie kusema figo imekufa. Amlodipini nayo huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Ila mkojo ukipungua, uso ukivimba, akihema kwa shida, akitapika, akichanganyikiwa au moyo ukimdunda ovyo, hiyo si ya kusubiri Jumatatu. Hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa magoti, maana tukimnyang'anya vidonge vile bila kumpa kitu kingine, pindo la khanga litafunguliwa tu.

Parasetamoli haiigusi lugha ya figo kwa namna ile. Kwa umri wake, vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi mara tatu kwa siku, na daktari athibitishe Jumatatu. Asitumie ile ya kuyeyusha kwenye maji inayofoka povu, ina chumvi nyingi ndani. Na asome pakiti, kwa sababu kuna vidonge vinavyouzwa kama parasetamoli kumbe ndani wamechanganya diklofenaki, aseklofenaki au ibuprofeni. Jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na kidonge; figo zikishatulia daktari anaweza kumruhusu, kabla ya hapo asiipake.

Kuna tiba ya goti isiyo na kidonge na watu huidharau. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele mpaka msuli wa paja ukaze, ahesabu mpaka kumi, aushushe taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa paja ukipata nguvu, goti hupumzika. Sitaki kukudanganya kwamba ataona tofauti kesho. Wiki sita, nane. Nimewaona akina mama waliokuja dukani wakishikilia ukuta ambao miezi mitatu baadaye walikuja wakishikilia kikapu tu. Shambani apalilie amekaa kwenye kigoda, na palizi nzito apewe mtu, hela ile uliyokuwa unatuma ya vidonge itafaa hapo. Na kwenye sala, dini haikumwekea uzito: mgonjwa anaswali amekaa kwenye kiti, sijda yake ni kuinama. Hili ukiliacha mama atalimezea kidonge kimya kimya, kwa kuwa kwake sijda ina uzito kuliko figo. Mwombe shehe wa msikiti wao amwambie kwa mdomo wake. Wewe ni mwanawe, hatakusikia kama atakavyomsikia shehe.

Jambo moja zaidi la dukani. Diklofenaki ina ndugu wengi: ibuprofeni, naproksini, piroksikamu, meloksikamu, indomethasini. Sindano ya diklofenaki ni ile ile, inapita njia nyingine tu. Selekoksibu husifiwa kwa upole wake tumboni, lakini kimeng'enya inachokizuia ndicho hasa kinachotengeneza ujumbe kwenye zile seli zinazoonja chumvi, kwa hiyo kwa figo haina upole wowote. Wote hao kwa mama ni mlango uliofungwa, mpaka daktari aseme vinginevyo. Mwandikie kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, akibebe pamoja na kadi ya kliniki: NINA PRESHA, FIGO ZILIUMIA, NISIPEWE DIKLOFENAKI WALA NDUGU ZAKE. Aonyeshe kabla hajasema anaumwa nini. Na siku akiharisha au akitapika sana, apige simu kliniki kuuliza kama asimamishe dawa kwa siku hizo, maana figo isiyo na maji ndiyo inayoegemea prostaglandini kuliko wakati wowote.

Jumatatu hiyo, ukiweza, omba ruhusa kazini umsindikize. Aombewe kreatinini, potasiamu na kipimo cha protini kwenye mkojo. Kaka naye aende, amsikie daktari mwenyewe. Na vile vidonge sita usimnyang'anye usiku amelala. Mweleze ile habari ya seli zinazoonja chumvi, halafu mwombe afungue pindo kwa mkono wake, avibebe kwenye kile kile kibahasha cha 1×2 na kumkabidhi daktari.